Maji Kabla ya Samaki

Tumeulizwa na wasomaji wetu, tena si mara moja, kama ni halali kwa Mkristo kuweka samaki wa bahari katika sanduku la kioo nyumbani mwake, si kwa kula bali kwa kutazama tu. Wengine watacheka. Hapa Walungu, watasema, bahari iko wapi? Samaki twamjua sokoni, amekaushwa au amekaangwa. Lakini watoto wetu wametawanyika siku hizi. Wako Nairobi, wako Kampala, wako Brussels, nao wameyaona masanduku hayo katika hoteli na katika vyumba vya kungojea daktari: maji maangavu, taa juu yake, na samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe wakizunguka penye mawe. Mmoja aona, atamani, auliza bei. Basi swali hili si la kuchekwa, na tungependa kulijibu taratibu.

Tuanze na lililo jepesi. Kumfunga mnyama si dhambi kwa jambo lenyewe. Mbuzi wetu hufungwa kamba malishoni, kuku hulala kizimbani, na simbilisi, wale tuwaitao dende, hulelewa jikoni karibu na mafiga, wala hatujasikia mtu aliyeungama jambo hilo. Lakini tazama tofauti. Mbuzi aliyefungwa kamba bado apata hewa bure, mvua yamnyeshea bure, na mavi yake yaingia udongoni bila wewe kuagiza. Kamba imemnyima mwendo tu. Samaki katika sanduku amenyimwa vyote pamoja. Pumzi yake imo katika maji yale, chakula chake kimo humo, na choo chake kimo humo humo. Jambo moja likiharibika, hana pa kukimbilia. Kwa hiyo mtu afungaye maji amejitwika kazi ya maji, yaani ile kazi yote ambayo bahari ilikuwa ikiifanya bila mshahara. Hapo ndipo swali la haki linapoanza. Kioo chenyewe hakina lawama.

Je, bahari hufanya kazi gani? Kwanza hulinda chumvi yake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi hiyo si ile ya mezani. Ndani yake mna magnesi, kalsiamu, potasi na vitu vingine vingi kwa vipimo vyake. Mwenye sanduku la lita 200 hununua kilo 7 za chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huiyeyusha katika maji safi yasiyo na klorini, kisha hupima. Maji yakipungua kwa jua na joto, chumvi haiondoki pamoja nayo. Basi kinachoongezwa kila siku ni maji matupu. Akiongeza maji ya chumvi, ataukoleza mchuzi mpaka samaki ashindwe kuishi. Pili, bahari hulinda joto. Samaki wa matumbawe wataka digrii 25 hivi, usiku na mchana. Hapa kwetu milimani, ambapo tunajifunika mablanketi mawili, chombo cha kupasha maji moto hakiwezi kupumzika. Tena sanduku lenyewe si kitu cha kuweka juu ya meza yoyote: maji ya lita 200 yana uzito wa kilo 200 na zaidi, bila mawe na mchanga. Watu hudhani anayeanza aanze na sanduku dogo. Ni kinyume. Maji machache hugeuka upesi, kwa joto na kwa uchafu, na anayeanza ndiye asiyejua kuona mageuzi. Yampasa maji mengi yamvumilie.

Hayo yote fedha huyaweza. Iko kazi ya tatu ambayo fedha haiiwezi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Samaki akila, hutoa uchafu, na uchafu huo hasa ni amonia. Ni sumu, huchoma matamvua yake kama moshi wa pilipili uchomavyo macho, na katika maji ya bahari ukali wake huzidi kuliko katika maji mengi ya mito. Baharini haimdhuru, kwa maana maji ni mengi, na tena katika mchanga na mawe wamo vijidudu wasioonekana ambao chakula chao ni sumu hiyo. Wa namna ya kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa namna ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki aweza kuistahimili ikiwa si nyingi. Mwenye sanduku huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki au kila wiki mbili.

Sasa sanduku jipya halina vijidudu hao, au linao wachache mno. Hawanunuliwi wakiwa jeshi kamili. Huja na mawe yaliyotoka majini, hujishika katika mchanga na chujio, na huongezeka polepole sana. Kwa kawaida huchukua wiki nne mpaka sita, pengine zaidi. Wakati huo wote sanduku ni tupu. Pampu yazunguka, taa yawaka, umeme walipiwa, na ndani hamna samaki. Mgeni akija husema: “Mbona hamna kitu?” Mwenye nyumba hupima kwa matone ya dawa yanayobadili rangi: amonia yapanda, kisha yashuka, nitriti yapanda, kisha yashuka, mwisho zote mbili zasoma sifuri na nitrati yaonekana. Hapo ndipo aweza kuleta samaki mmoja, au wawili wadogo, kisha angoje tena wiki kadhaa kabla ya kuongeza mwingine, ili jeshi la vijidudu likue pamoja na kazi yake.

Kumbuka kwamba jicho haliwezi kusaidia hata kidogo katika jambo hili. Maji yanayoua ni maangavu sawasawa na maji yanayoponya. Ndiyo maana watu wengi wa nia njema huwaua samaki wao katika mwezi wa kwanza, nao wakiwa wamewalisha vizuri, tena wakiwa wamewalisha mno kwa kuwapenda.

Jambo hili halikujulikana siku moja. Mama mmoja Mfaransa aliyekaa Sisilia, Jeanne Villepreux-Power, alijenga masanduku ya kioo mwaka 1832 ili achunguze mnyama wa bahari mwenye gamba kama mashua. Huko London mwanakemia Robert Warington aliwaweka samaki na majani ya majini katika chombo kimoja. Majani yakaoza, maji yakachafuka, mpaka alipotia konokono wa kula yaliyooza, ndipo mambo yakalingana, naye akatangaza habari hiyo mwaka 1850. Mwaka 1853 likafunguliwa jumba la samaki katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kuhusu masanduku hayo ya bahari. Watu wakakipenda mno. Wakashuka pwani kwa makundi na ndoo zao, wakabandua kila kitu mawe kwa mawe. Mtoto wake, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu kwamba ule uzuri wa pwani aliouona utotoni ulikwisha kuharibiwa, tena na watu waliofundishwa kuupenda na baba yake. Hatuna haja ya kumlaumu mzee yule. Hakujua kwamba wasomaji wangekuwa wengi hivyo.

Turudi kwenye zile wiki sita za sanduku tupu. Wafugaji walikuwa na njia ya kuzipitisha, na wengine wanayo hata leo. Vijidudu wahitaji amonia ili wakue. Amonia yatoka kwa samaki. Basi hununuliwa samaki mdogo wa bei rahisi, mwenye roho ngumu, mara nyingi wale wadogo wa buluu au weusi wakaao penye matumbawe, akatiwa katika maji mabichi. Yeye ndiye atakayeipokea sumu. Akifa, hununuliwa mwingine. Vijidudu wakiisha kuwa wengi, huletwa yule mzuri wa bei kubwa, naye akuta nyumba imekwisha kufagiliwa. Ajabu ni kwamba yule wa kutangulia akipona huwa mkali, hushika kila pembe kuwa yake na kuwauma wageni. Ndipo mwenye sanduku alalamika kwamba samaki huyu hana shukrani.

Tuseme wazi: hili ndilo tunaloliona baya katika kazi nzima. Wala si kwa sababu samaki ni mtu. Tutajibiwa mara moja kwamba sisi wenyewe hula sambaza kwa mamia katika sahani moja, na hakuna anayelia. Ni kweli, nasi twawala kwa furaha. Lakini mvuvi wa Kivu amwuaye sambaza ana sababu: mtoto atakula. Kifo chake chalisha. Yule wa kutangulia hufa polepole, siku nyingi, kwa sababu moja tu, kwamba mtu mmoja hakutaka kutazama maji matupu kwa wiki sita. Tena njia nyingine ilikuwapo, ya bei ndogo kuliko samaki: kutia kipande cha kamba mbichi aoze humo, au matone ya amonia safi. Vijidudu hawaulizi amonia imetoka wapi. Basi mateso yale hayakununua kitu ila haraka.

Katekismu iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Angalia maneno hayo: heshima ya mwanadamu. Mtakatifu Toma wa Akwino hakuwapa wanyama haki kama zetu, naye aliogopa kwamba mtu aliyezoea ukatili kwa mnyama atauhamishia kwa mtu. Nasi twaogopa desturi ile kwa sababu hiyo hiyo. Mtu ajifunzaye kusema, “Huyu wa rahisi apite kwanza, aumie kidogo, ili yule wa thamani apate nafasi,” amejifunza maneno ambayo si ya samaki peke yao. Tumeyasikia juu ya vibarua wanaoingizwa katika shimo la dhahabu ambalo mwenyewe hajathubutu kuingia. Tumeyasikia juu ya msichana wa kazi za nyumbani aliyeletwa kutoka kijijini bila kuandaliwa hata mkeka.

Mwingine atajitetea: “Mimi sikujua. Niliuziwa sanduku asubuhi na samaki mchana, katika duka moja.” Hapa tukumbuke mafundisho ya zamani kuhusu ujinga, kwa maana watu huyatumia vibaya. Wako wasiojua kwa sababu hawawezi kujua. Hao hawana hatia. Wako wasiojua jambo wanaloweza kulijua na linalowapasa. Na ujinga huo, asema Mtakatifu Toma, wenyewe waweza kuwa dhambi, kwa kuwa uzembe umeuzaa. Kipimo ni wajibu. Mimi si mganga, basi kutojua dawa ya ini hakunihukumu. Siku nitakapojiita mganga, kutojua kule kule kwanihukumu. Kadhalika mkulima wa Ngweshe hana hatia yoyote kwa kutojua habari za nitriti. Lakini siku afungapo maji na kutia kiumbe ndani, elimu hiyo imekuwa deni lake. Na muuzaji? Deni lake ni kubwa zaidi, maana yeye ajua. Akiuza maji na samaki siku moja kwa mtu anayeanza, amemwuzia kifo na kumwita mteja.

Kuhusu mahali wanapotoka samaki hao tutasema machache. Katika pwani ya Kenya, kama vile Shimoni, wako wapiga mbizi wanaowavua kwa nyavu ndogo ili wauzwe Ulaya na Marekani. Ni kazi ya halali, nayo hulisha nyumba, ikiwa hawachukui kupita kiasi kutoka katika matumbawe ambayo yalikwisha kupata pigo kubwa la joto mwaka 1998. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako waliotumia sayanidi: samaki hulewa na kushikwa kwa mkono, na matumbawe yaliyo karibu hufa. Mnunuzi hawezi kuiona sumu hiyo kwa macho. Lakini aweza kuuliza, na siku hizi aweza kuchagua samaki waliozaliwa katika masanduku, kama wale wa rangi ya machungwa tuliowataja. Hao wamezoea kioo tangu yai.

Nao wale wa hapa kwetu? Twawajibu bila kuzunguka: sanduku la maji ya bahari si kazi ya Walungu leo. Mahali chumvi inapotoka ni mbali, lakini si chumvi inayotuzuia. Ni umeme. Pampu ikisimama, hewa majini hupungua, na katika sanduku lenye samaki wengi saa chache zatosha kuwamaliza. Joto nalo hushuka. Hata Bukavu penyewe, ambapo umeme watoka Ruzizi, nani atathubutu kuahidi usiku kumi mfululizo? Tena samaki yule mwekundu mwenye mistari aweza kuishi miaka kumi na zaidi. Miaka kumi! Mwezi wa Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, watu waliondoka na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mbuzi huweza kuvutwa kwa kamba. Mbwa hufuata. Sanduku la lita 200 halibebwi. Hatusemi kwamba asiyejua kesho asipande kitu, la sivyo hata maharage tusingepanda. Twasema kwamba ahadi ipimwe kwa nguvu za mwenye kuahidi, na kwamba anayemweka kiumbe mahali ambapo hakuna msaada ila yeye, ameahidi hata kama hakufungua kinywa. Katekismu ile ile yaongeza neno juu ya fedha: haifai kutumia kwa ajili ya wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kupunguza taabu ya watu. Kila mtu amjua jirani yake, hatutamhesabia.

Anayependa uzuri wa samaki bila kwenda baharini, Tanganyika iko karibu, nayo ni kama bahari kwa kina, mita 1,470, na samaki wake kwa rangi wanashindana na wale wa matumbawe. Katika miaka ya 1970 Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Bujumbura kwenda nchi za mbali. Wako wadogo ambao nyumba yao ni gamba tupu la konokono, na mama hulilinda kama mwenye nyumba. Hawataki chumvi ile ya bahari. Lakini umeme, joto na wiki zile za kungoja wavitaka vile vile.

Hata ziwa zima laweza kutendewa kama sanduku. Sambaza wa Kivu hawakuwa wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, wakaja kulisha watu wengi, ingawa kidudu kimoja cha majini walichokila kikatoweka ziwani. Sangara walitiwa katika ziwa Viktoria miaka ile ile ya 1950 na 1960, wakaleta fedha, na aina nyingi za samaki wadogo wanaoitwa furu zikapotea kufikia miaka ya 1980. Waliowatia hawakuwa watu wabaya. Waliona maji, wakaona nafasi.

Basi kwa msomaji wa mabondeni kwetu anayetaka kufuga samaki, shauri letu ni bwawa la udongo, samaki wa kula. Sheria ni ile ile, na wengi huivunja siku ya kwanza. Bwawa lachimbwa, maji yaingia, na jioni ile ile vifaranga vyaletwa katika bidoni, maana watu wamekusanyika kutazama. Wanatiwa katika maji matupu yasiyo na chakula, kisha mwenye bwawa hushangaa kuona wamebaki kama kidole. Usifanye hivyo. Weka samadi na majani pembeni, ndani ya uzio wa fito, ungoje maji yageuke kijani. Huku kwetu kwenye baridi yaweza kuchukua siku nyingi kuliko ulivyoambiwa. Kisha piga magoti ukingoni, uingize mkono mpaka kiwiko. Kama bado waviona vidole vyako, vifaranga wakae kwao wiki nyingine.